Mbegu Moja, Nchi Mbalimbali
Somo la mibuni katika njia ya zamani ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji

Mwezi huu twataka kujifunza habari za mbuni, lakini si habari za kupanda na kupalilia tu. Twataka kuuliza neno moja: Je, mbegu ya mbuni ikiwa njema, itatoa kahawa ileile po pote itakapopandwa? Watu wengi hudhani ndivyo. Mtu wa Tabora huenda kumtazama shemeji yake katika milima ya Buha, akaona nyumba ya bati na watoto wanaosomeshwa kwa fedha za kahawa. Huomba miche ishirini, huifunga vema katika gunia bichi, hurudi nayo kwao. Hutumia akiba yake kuchimba mashimo na kununua samadi. Miaka mitatu baadaye shamba lake ni vijiti vikavu, naye asema, "Shemeji alinipa mbegu mbaya." Kumbe mbegu ilikuwa njema. Kosa lilikuwa kutoiuliza nchi kwanza.

Mbuni huchukua miaka mitatu au minne kabla ya kuzaa vizuri. Mwenye kupanda mahindi mahali pasipofaa hupoteza mwaka mmoja. Mwenye kupanda buni mahali pasipofaa hupoteza miaka minne pamoja na fedha za ada ya watoto. Kwa hiyo jambo hili si dogo. Nasi tumechagua kulifuata katika njia ya zamani ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Tabora, ikashuka hata Ujiji penye Ziwa Tanganyika. Njia hii yapita katika nchi za namna nyingi, za chini na za juu, zenye mvua na zenye kiangazi kirefu. Atakayeifuata kwa macho ya mkulima atajifunza mengi.

1. Ukoo wa mbuni tunaousema

Mibuni ina makabila mengi, lakini mawili ndiyo yalimwayo sana duniani, nayo ni arabika na robusta. Arabika asili yake ni misitu ya milima ya Uhabeshi. Robusta ni mti wa misitu ya Afrika ya magharibi na ya kati, nao wafika mpaka nchi za kando ya Ziwa Viktoria.

Kuna tofauti moja kati yao ambayo msomaji aishike tangu sasa. Ua la arabika hujichavusha lenyewe, kwa hiyo mche hufanana sana na mama yake. Robusta haiwezi kujichavusha. Yataka chavua ya mti mwingine, kwa hiyo miche ya mti mmoja yaweza kuachana kabisa kwa sura na kwa mazao. Basi, mkulima akipanda mbegu za mti mmoja wa arabika, nusu bondeni na nusu kilimani, kisha akaona tofauti kubwa, asikimbilie kusema kwamba damu imebadilika. Damu ni ileile. Kinachotofautiana ni nchi.

Katika arabika kuna koo nyingi tena, na mmoja ulio mashuhuri waitwa Bourbon. Buni ilitoka Uhabeshi ikavuka bahari kwenda Yemeni, na huko watu wakailima katika ngazi za milima. Katika miaka ya 1715 na 1718 Wafaransa walichukua miche ya Yemeni, wakaipeleka katika kisiwa chao kilichoitwa Bourbon, upande wa mashariki wa Bukini. Kisiwa hicho leo huitwa Réunion, lakini mbuni uliotoka huko umeshika jina la zamani. Alama zake hazifichiki. Majani machanga ya nchani ni ya kijani, hali ukoo mwenziwe uitwao Typica huyatoa yakiwa na rangi ya shaba. Majani yake ni mapana, na punje zake ni fupi za mviringo. Huzaa kuliko Typica, na kinywaji chake husifiwa kwa utamu. Udhaifu wake ni kwamba magonjwa huuingia upesi. Habari hiyo tutaifikia.

2. Bagamoyo: mwanzo wa njia

Mapadre Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuwa na kazi katika kisiwa cha Réunion. Kutoka huko walikuja Unguja katika miaka ya 1860, na mwaka 1868 wakafungua kituo chao Bagamoyo, papo hapo misafara ilipoanzia. Pamoja na vitabu na zana walileta mbegu, na mbegu za mibuni ya Réunion zilikuwa miongoni mwake. Basi, ukoo wa Bourbon ulifika mwanzo wa njia yetu.

Lakini Bagamoyo haikuwa nchi ya kahawa ya arabika. Pwani kuna joto mchana na usiku, na mti wa milimani haupumziki. Arabika hupenda mahali ambapo joto la wastani wa mwaka ni kati ya digrii 15 na 24 hivi. Penye joto zaidi ya hapo tunda huharakisha kuiva kabla punje haijajaa, mti huchoka mapema, na kutu ya majani hustawi.

Ukoo huohuo ulipopandishwa juu, habari zikawa nyingine. Mapadre haohao waliupeleka Bura katika milima ya Taita mwaka 1893, na katika miaka hiyo ya 1890 ukapandwa Kilema upande wa Kilimanjaro. Huko ulishika. Wasomaji wetu wa Uchagani hawahitaji kuambiwa yaliyofuata, kwa kuwa wengi walisomeshwa na mibuni iliyosimama kihambani chini ya migomba ya babu zao.

Kwa nini kilima kiweze kufanya lisilowezekana pwani? Sababu ni hii. Mtu apandapo juu mita 1,000, joto hupungua kwa digrii 6 hivi. Katika baridi ya kilimani tunda la mbuni haliharakishi. Huchukua miezi saba, nane, hata tisa tangu ua mpaka kuiva, na kwa muda huo wote majani huendelea kulilisha. Punje hukaza, huwa nzito, na sukari yake na uchachu wake mzuri huongezeka. Mnywaji hasemi, "Hii imetoka mita 1,600." Husema tu, "Hii ni tamu." Lakini utamu ule una kimo chake.

3. Tabora: kimo chatosha, maji hayatoshi

Sasa tuondoke pwani. Misafara ilikwenda miezi mitatu au zaidi ndipo ikafika Unyanyembe. Hapo palikuwa na Kazeh na Kwihara, vituo vya wafanyabiashara Waarabu na Waswahili, na hapo wapagazi Wanyamwezi walikuwa kwao. Njia iligawanyika papo hapo: moja ilikwenda magharibi mpaka Ujiji, nyingine ilikwenda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda.

Tabora iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,200 hivi. Mwenye kusoma sehemu ya pili ya somo hili peke yake atasema, "Basi kimo chatosha, tupande." Hapo ndipo wengi waangukapo. Kimo ni neno moja katika maneno mengi ya nchi. Mvua za Tabora huanza karibu na mwezi wa Novemba na huisha Aprili au mwanzo wa Mei. Baada ya hapo mbingu hufungwa. Mwezi wa Juni, Julai, Agosti na Septemba huweza kupita bila tone, na Oktoba joto ni kali kuliko miezi yote. Udongo wa mahali pengi ni wa kichanga, nao haushiki maji.

Mbuni wa arabika haukatai kiangazi kabisa. Kwa kweli wataka kiangazi kifupi cha miezi miwili au mitatu, kwa sababu wakati huo vitumba vya maua hulala vikingoja. Mvua ya kwanza inyeshapo baada ya ukame, vitumba huamka, na kwa muda wa siku kama kumi mti wote huwa mweupe na shamba lote hunukia. Lakini kiangazi kikizidi, mti huacha majani, matawi hukauka nchani, na vitumba hufa kabla ya kuchanua. Mtu aweza kuuweka mbuni mmoja nyuma ya jiko na kuumwagia maji ya kuoshea vyombo, nao utaishi na kumpa kikombe chake. Shamba la kuuza ni jambo lingine.

Je, Tabora ni nchi isiyo na baraka? La, hasha! Tazameni miembe. Haikuwa miti ya nchi hii. Asili yake ni Bara Hindi, nayo ilifuata njia ya misafara kutoka pwani hata Ujiji, na leo maembe ya Tabora yana sifa. Mwembe una mizizi ya kwenda chini sana, tena wakipenda kiangazi, kwa maana ukame ndio uuamshao kutoa maua. Jambo lilelile liuuao mbuni ndilo linalouchanulisha mwembe. Ndivyo ilivyo pia kwa mpunga ulioletwa na watu wa misafara, ukakaa katika mbuga zilizo na maji wakati wa masika. Na ndivyo ilivyo kwa nyuki wa misitu ya miombo, ambao asali yao ni mazao ya nchi hii tangu kale. Wahenga walisema, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Mtu wa Tabora mwenye mizinga arobaini asiiache ili kumwigiza mtu wa Buha.

4. Fundisho la Urambo

Msafiri akitoka Tabora kwenda magharibi hufika Urambo, nchi ya Mtemi Mirambo. Hapo twataka kusimama kidogo, ingawa habari yake si ya kahawa, kwa kuwa yaonyesha neno letu kwa kipimo kikubwa.

Mwaka 1947, baada ya vita, Serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa karanga katika Tanganyika. Ilikusudia kulima zaidi ya ekari milioni tatu, na mahali palipochaguliwa ni Kongwa katika Ugogo, Nachingwea upande wa kusini, na Urambo. Matrekta yaliletwa, na fedha zilizopotea zilifika kama pauni milioni 36. Huko Kongwa udongo ulikauka ukawa mgumu kama sakafu, jembe la mashine likavunjika, na mvua haikutosha. Mwaka 1951 mpango uliachwa. Tena karanga si mmea mgeni. Wanawake wa Unyamwezi walikuwa wakizilima siku zote katika vishamba vyao, wakijua ni udongo gani uwekwe karanga na upi uachiwe uwele. Mbegu ilikuwa njema, zana zilikuwa na nguvu, lakini nchi haikuulizwa, wala wenye kuijua hawakuulizwa.

Kama mambo hayo yaliwapata wenye fedha za dola nzima, sembuse mtu mwenye miche ishirini?

5. Njia ya kaskazini: buni nyingine

Kabla ya kushuka Ujiji, tuitazame ile njia ya kaskazini. Wasafiri Burton na Speke walifika Kazeh mwezi wa Novemba 1857, na Burton aliandika habari alizopewa na wafanyabiashara juu ya buni ya Karagwe, ambayo watu wa huko waliitafuna wala hawakuinywa. Habari hiyo ni kweli, na wasomaji wetu wa Bukoba wanaijua tangu utoto. Matunda ya emwani huchumwa, huchemshwa pamoja na majani yenye harufu, hukaushwa, nayo hupewa mgeni kwa heshima. Zamani watu wawili walipofanya udugu wa damu waligawana punje mbili zilizolala katika tunda moja.

Buni hiyo ni robusta. Ni mti wa nchi ile, haukuletwa na padre wala mfanyabiashara. Wapendezwa na kimo kisichozidi sana mita 1,300, na mvua zinazogawanyika mara mbili kwa mwaka, na kivuli cha migomba. Kutu ya majani haiuondoi kwa urahisi. Kinywaji chake ni kizito na kichungu zaidi, na kiamshacho mwili ndani yake ni karibu mara mbili kuliko cha arabika. Watu wengine huidharau robusta kwa sababu bei yake sokoni aghalabu ni ndogo. Sisi twaona ni kosa kuidharau penye kwao. Robusta kwao Karagwe huwa mti mkubwa wa kuachiwa wajukuu; arabika ikipandwa chini hapo huwa mgonjwa wa kila mwaka. Kila mti na uheshimiwe katika nchi yake.

6. Milima ya Buha: mwisho wa njia

Sasa turudi katika njia ya magharibi. Ujiji iko karibu na maji ya ziwa, na ziwa lenyewe liko katika kimo cha mita 770 hivi. Hapo kuna joto, na michikichi husimama kila upande. Lakini mtu akiacha ufuko na kupanda kaskazini, njia hukwea upesi. Kwa mwendo usio mrefu hufika Kalinzi, kisha Matyazo na Manyovu kwenye mpaka wa Burundi, katika vilima vya mita 1,300 mpaka kupita 1,600. Michikichi huachwa nyuma, migomba huanza, na asubuhi ukungu hulala mabondeni. Udongo ni mwekundu wenye kina. Mvua huanza mapema kuliko Tabora na hukawia kuondoka, na kiangazi ni kifupi zaidi.

Hapo ukoo wetu umepata nyumba. Mibuni ya zamani ya Kigoma ni ya Bourbon na ya Kent, na ng'ambo ya mpaka, katika Burundi, Bourbon ndiyo iliyoenea. Tazameni basi: mbuni ulioshindwa kuifanya Bagamoyo nchi ya kahawa, mbuni usioweza kiangazi cha Tabora, wastawi karibu na mwisho wa njia ileile.

Jinsi unavyostawi pia kuna mafundisho. Kwa kuwa nchi hii ina majira moja ya mvua, maua mengi huja karibu pamoja, na matunda huiva karibu pamoja. Si kama sehemu za Kenya, ambako mvua mbili hufanya tawi moja kuwa na maua, matunda mabichi na matunda mabivu kwa wakati mmoja. Tena mavuno ya Buha huangukia mwisho wa mvua na mwanzo wa kiangazi, hata jua husaidia kukausha. Hii ni neema ambayo wakulima wa nchi nyingine hawana.

Hata ndani ya kilima kimoja mti hauzungumzi kwa sauti moja. Mkulima mwenye mibuni chini karibu na kijito na mingine juu karibu na kanisa ataona ya chini ikiiva kwanza, na ya juu ikichelewa majuma kadhaa. Punje za juu zitakuwa ngumu zaidi. Akizichanganya katika mfuko mmoja, hakuna atakayejua kazi ya kilima. Akiziweka mbalimbali, huenda akajua yeye mwenyewe kwanza, na mnunuzi baadaye.

7. Kilima hutoa utamu, na kilima huleta ugonjwa

Msomaji asidhani kwamba kupanda juu ni raha tupu. Bourbon ina adui wawili wakuu. Wa kwanza ni kutu ya majani, ambayo hupaka unga wa rangi ya chungwa chini ya jani mpaka likaanguka. Huyu hupenda joto, kwa hiyo huzidi sehemu za chini. Wa pili ni chulebuni, ugonjwa uliojulikana kwanza nchini Kenya mwaka 1922. Hushika tunda likiwa bado bichi, hulitia doa jeusi lililobonyea, na tunda hukauka au huanguka. Huyu hupenda baridi na unyevu, yaani milima mirefu na ukungu.

Fikirini jambo hili. Kimo kileile kinachoipa Bourbon utamu wake ndicho kinacholeta chulebuni. Mkulima akishuka kumkimbia mmoja, hukutana na mwingine. Kwa sababu hii wataalamu walianza zamani kutafuta miti yenye nguvu. Kituo cha Lyamungu karibu na Moshi kilianzishwa mwaka 1934, na huko ilichaguliwa N39 kutoka katika ukoo wa Bourbon, na KP423 kutoka katika ukoo wa Kent. Miti hiyo ilizaa vizuri na kunyweka vizuri, lakini magonjwa bado yaliipata. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, iliyoanza kazi mwaka 2001, imetoa aina mpya zinazostahimili chulebuni na kutu pamoja, nayo ina kituo chake Mwayaya katika mkoa wa Kigoma.

Basi mzee wa Buha mwenye mibuni mia nne ya baba yake afanye nini? Mwanawe asema, "Tuing'oe yote, tupande mipya." Mzee asema, "Hii ndiyo iliyokusomesha." Wote wawili wana sababu. Dawa za kupulizia ni ghali, na mwaka wa chulebuni nyumba hukosa hata fedha ya chumvi. Lakini miche mipya nayo haizai mwaka wa kwanza wala wa pili, na mwenye kung'oa yote mara moja amefunga jiko lake mwenyewe.

Sisi twashauri njia ya katikati. Watembee shambani pamoja, baba na mwana, wakati matunda ni mabichi, watie alama kila mti uliopigwa sana. Hiyo iondolewe kwanza, sehemu moja katika nne, na miche mipya iwekwe mahali pake. Mibuni mizima yenye majani mengi ikatwe kwa kupogoa, ipate hewa na jua, maana ukungu wa magonjwa hupenda giza na unyevu. Baada ya miaka mitatu waangalie tena. Watakuwa wameijua aina mpya katika udongo wao wenyewe, si katika maneno ya watu.

8. Mkono wa mwisho

Imebaki sehemu moja ya somo. Mbegu huleta uwezo wake, na nchi huukuza. Lakini mkono wa mtu huweza kuuharibu wote kwa siku moja. Wahenga walisema, "Ukiona vyaelea, vimeundwa." Kikombe kizuri ni kazi ya mikono mingi.

Tunda lichumwe likiwa jekundu lote. Bichi hutoa ladha ya majani, na lililopita kiasi hutoa ladha ya pombe. Litiwe majini; linaloelea liondolewe, kwa kuwa ndani yake ni tupu au limeliwa na wadudu. Limenywe siku ileile lilipochumwa. Kisha punje zivundikwe mpaka utelezi uachane nazo. Hapa tena nchi yasema, kwa kuwa mahali pa joto kazi hii huisha kwa usiku mmoja, na mahali pa baridi hutaka siku nzima au zaidi. Asihesabu saa za jirani yake wa bondeni. Azishike punje, akisikia zakwaruza kama changarawe zisizo na utelezi, zimekuwa tayari. Zioshwe kwa maji safi, zianikwe juu ya vichanja wala si chini, zigeuzwe mara nyingi, zifunikwe adhuhuri kali na usiku, mpaka maji yaliyobaki ndani yawe sehemu 11 au 12 katika mia.

Na kuna jambo moja linaloshinda yote haya, nalo ni deni. Katika nyumba yenye njaa mwezi wa Februari, mtu huja na fedha kidogo, hununua matunda yangali mtini. Kagera huita biashara hiyo butura. Mwenye kununua hivyo hataki kungoja. Matawi hukamuliwa yote, mabichi na mabivu pamoja. Kilima kilifanya kazi miezi sita, nayo imeuzwa kwa debe la unga. Hatuwalaumu wenye njaa. Twawaambia majirani na wazee wa shirika: akiba ndogo ya kukopeshana kabla ya mavuno yaweza kuokoa kahawa nyingi kuliko dawa ya kupulizia. Na mwenye shamba apande maharagwe na migomba kati ya mibuni, ili jiko lisitegemee mti mmoja.

9. Shauri letu

Kwa ufupi, wasomaji wetu wa Tabora tunawaambia: msiionee wivu Buha. Nchi yenu imechagua mwembe, mpunga, karanga na nyuki, nayo haikukosea. Anayetaka mbuni na apande mitatu nyuma ya jiko, aufurahie ukivuli wake. Wa Karagwe twawaambia: itunzeni robusta, ni urithi wenu. Wa Buha twawaambia: mmepewa kilima, mvua na ukoo mwema, msivichanganye na matunda mabichi.

Mwalimu atakayefundisha mfano wa mpanzi hahitaji kwenda mbali kutafuta picha. Mbegu katika mfano ule ilikuwa moja, na udongo ulikuwa wa namna nne. Mkulima wa njia ya Ujiji aweza kuuhesabu udongo ule kwa miguu yake.

Maswali ya kujibu pamoja

1. Kwa nini tofauti za mibuni ya arabika iliyotoka mti mmoja hutupa habari za nchi kuliko habari za damu?
2. Tabora ina kimo cha kutosha. Arabika imekosa nini huko?
3. Kiangazi kirefu huufanya nini mbuni, na huufanya nini mwembe?
4. Katika kijiji chenu kuna mmea gani ulioletwa kutoka mbali ukashindwa, na upi uliokaa? Waulizeni wazee sababu.
5. Chulebuni huzidi wapi, na kutu ya majani huzidi wapi? Basi ninyi mko upande gani wa kilima?
6. Nyumba ngapi katika mtaa wenu huuza mazao yangali shambani, nanyi mwaweza kufanya nini kabla ya mwezi wa njaa haujafika?